Ushauri wa kazi na mazingira: mafiga matatu na kuni zake

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimekabidhiwa ushauri wa kazi kwa madarasa ya juu. Mwaka huu uongozi wa shule unataka ushauri huo uunganishwe na utunzaji wa mazingira. Nilibandika ukutani orodha ya ajira za kijani, nikawaomba wanafunzi wachague. Watatu waliandika "mwanamazingira". Waliobaki waliniambia wanataka uhasibu, udaktari, ufundi umeme na ufundi friji, na kwamba mambo ya miti ni ya klabu ya mazingira. Msichana mmoja hodari wa fizikia anataka uhandisi wa mafuta. Je, nimzuie? Nina kipindi kimoja tu kwa wiki. Nianzie wapi, na je, niiunganishe klabu na ushauri wa kazi?

Jibu: Mwalimu, nianze na ile orodha, kwa sababu matatizo yako yameingilia hapo. Ibandue. Wanafunzi waliokuambia kwamba mambo ya miti ni ya klabu hawakukukaidi; waliisoma orodha vizuri kabisa. Kazi kumi na tano zikipewa jina la kijani na kubandikwa ukutani, mtoto anaelewa kwamba mamia ya kazi zilizobaki hazihusiki. Anayetaka uhasibu anaipitia kwa macho, hajioni, anarudi kukaa. Na mimi nilianza na orodha ya namna hiyo. Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini walioipokea kwa moyo walikuwa walewale ambao tayari wanapanda miti.

Ninachokusihi ni kwamba mazingira yaache kuwa kundi la kazi, yawe swali linaloulizwa ndani ya kila kazi.

Ushauri wa kazi tunaoufuata leo una mwanzo wake. Mwaka 1908, mjini Boston, Marekani, Frank Parsons alianzisha ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Alifundisha kwamba uchaguzi mzuri unasimama juu ya mambo matatu: kijana ajijue mwenyewe, aijue kazi, kisha apime kwa akili jinsi viwili hivyo vinavyooana. Zaidi ya karne imepita na fomu nyingi za ushauri bado ni zilezile: unapenda nini, unaweza nini, kazi inadai nini. Hayo ni mafiga matatu, na chungu kimekaa sawasawa. Lakini hakuna anayeulizwa kuni zinatoka wapi. Peter Plant, mtaalamu wa ushauri wa kazi kutoka Denmark, amekuwa akilizungumzia pengo hilo tangu miaka ya 1990, na aliuita ushauri unaoliziba ushauri wa kijani. Mimi nauelewa hivi: kijana anayechagua kazi ana haki ya kuambiwa kazi hiyo inaifanyia nini dunia, kama anavyoambiwa mshahara wake na miaka ya kuisomea.

Kwa darasa lako nakupa maswali matatu, na ningependa yakae mwaka mzima pale ilipokuwa orodha. Kazi hii inachukua nini duniani? Inaacha nini nyuma yake? Na ni kitu gani kinabadilika ndani yake sasa hivi, ambacho aliyeisomea miaka kumi iliyopita hakufundishwa? Usiliruke hilo la tatu hata siku moja. Mawili ya kwanza yanamfanya mwanafunzi afikiri. La tatu linamgusa riziki yake, na hapo ndipo anaponyanyua kichwa.

Tuchukue fundi friji, kwa kuwa kuna mwanafunzi aliyekutajia kazi hiyo na huenda uliiona haina la kusema juu ya mazingira. Mwaka 1987 mataifa yalitia saini Mkataba wa Montreal kulilinda tabaka la ozoni, na gesi za CFC zinazoliharibu, zilizokuwa zikitumika kwenye mafriji, zikaanza kuondolewa. Nafasi yake ikachukuliwa na gesi za HFC, ambazo haziidhuru ozoni. Baadaye ikawa wazi kwamba tumehamisha tatizo: kilo moja ya gesi ya R-134a, mojawapo ya HFC hizo, ikitoroka angani huongeza joto sawa na kilo 1,400 hivi za hewa ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Ndiyo maana Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali yakakubaliana kupunguza HFC, na makubaliano hayo yakaanza kutumika Januari 1, 2019.

Sasa friji nyingi mpya za nyumbani zina R-600a, na vipoozeo vidogo vingi vya madukani pamoja na baadhi ya viyoyozi vina R-290. Ya kwanza ni isobutani, ya pili ni propani. Zote mbili ni za ukoo mmoja na gesi ya jikoni. Joto zinaloongeza angani ni dogo mno, lakini zinawaka moto. Fundi aliyezoea kuiachia gesi hewani, kisha kuwasha tochi ya gesi na kuchomelea bomba, akifanya vivyo hivyo kwenye friji ya R-600a anaweza kulipuka nayo. Inambidi asome lebo kabla ya kugusa chochote, afungue madirisha, apime kama kuna uvujaji, aivute gesi kwenye mtungi wake, na asafishe mabomba kwa naitrojeni kabla moto haujakaribia.

Tazama kilichotokea hapo, mwalimu. Mikutano miwili ya kimataifa imeshuka mpaka kwenye mkono wa fundi, na mkono huo unahitaji kemia, usalama, sheria na cheti. Fundi huyu si lazima apande mti hata mmoja. Kwa jinsi anavyofunga vali anaweza kuzuia madhara ambayo klabu nzima haiwezi kuyafidia kwa mwaka mzima wa kupanda. Kijana anayependa ufundi akilisikia hili anaelewa mambo mawili papo hapo: kwamba kazi yake ni kubwa kuliko alivyodhani, na kwamba fundi asiyejifunza upya ataachwa. Kama utaweza kumleta mgeni mmoja tu darasani mwaka huu, mlete fundi friji anayeijua gesi mpya. Aje na mtungi wake na kipimo chake, aeleze kwa maneno yake.

Kazi nyingine nitazipitia haraka, maana utaratibu umeshauona. Mhasibu: Juni 2023 vilitolewa viwango vya kimataifa vya ripoti za kampuni, IFRS S1 na S2, vinavyoeleza jinsi kampuni inavyopaswa kutangaza hatari zake za uendelevu, zikiwemo zinazotokana na mabadiliko ya tabianchi. Pale vinapotumika, kuna mtu atakayezikusanya tarakimu za umeme, mafuta na gesijoto, na mwingine atakayezikagua, kwa nidhamu ileile ya vitabu vya fedha. Daktari wa usingizi: desflurane, gesi ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji, huongeza joto angani zaidi ya mara elfu mbili kuliko hewa ukaa, na Umoja wa Ulaya umeizuia kuanzia Januari 1, 2026 isipokuwa pale tiba inapoilazimu. Wanafunzi wanaoota udaktari hawaamini wanaposikia kwamba chumba cha upasuaji nacho kina moshi wake.

Kwa mwanafunzi wa kemia, mpe saruji. Utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na sehemu kubwa ya hiyo haitoki kwenye moto wa tanuri. Inatoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe, ambayo yakipashwa joto kali hutengana na kuachia hewa ukaa. Kwa hiyo hata tanuri likiwashwa kwa nishati safi kabisa, tatizo linabaki, na litaondolewa na anayejua kemia, kwa kupunguza klinka (vipande vinavyotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji), kubuni mchanganyiko mwingine au kuinasa gesi inapotoka. Mlinganyo huo wa chokaa umo kwenye vitabu vya kemia vya sekondari. Mwombe mwalimu wa kemia, siku anapoufundisha, aongeze sentensi tatu kuhusu saruji na watu wanaoishughulikia. Hakuombi kipindi chako, na wewe hujampora chake.

Sasa huyu msichana wa uhandisi wa mafuta. Usimzuie. Nasema hivi nikiwa mtu ninayetaka dunia iache kuchoma mafuta, na sioni mgongano. Mshauri anayetumia nafasi yake kumwelekeza mtoto kwenye kazi anayoipenda mshauri ameacha kushauri. Tena, mtoto akihisi anasukumwa, ataficha anachokitaka na utampoteza yeye pamoja na swali lenyewe.

Unachodaiwa ni kumpa habari zote. Kaa naye, muda wa mapumziko ukitosha, mchore mstari wa miaka yake. Andika umri wake wa leo, umri atakaohitimu, na umri atakaokuwa nao mwaka 2050, mwaka ambao nchi nyingi zimeahidi kutoongeza tena gesijoto angani. Ataona mwenyewe kwamba mwaka huo utamkuta katikati ya maisha yake ya kazi, na miaka mingi bado iko mbele. Kisha mwulize: ukivutiwa na uhandisi wa mafuta, hasa unavutiwa na nini? Akisema mshahara, ni jibu la haki, na mnaweza kulinganisha na fani nyingine. Akisema anapenda kujua kilichomo chini ya ardhi na jinsi ya kukifikia, basi mwonyeshe kwamba ujuzi huohuo wa miamba, shinikizo na uchimbaji ndio unaotumika kuchimba visima vya umeme wa jotoardhi. Mwambie pia kuhusu Sleipner, eneo la gesi katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, ambako tangu 1996 hewa ukaa iliyotenganishwa na gesi asilia inasukumwa na kuzikwa kwenye miamba chini ya sakafu ya bahari. Wanaoifanya kazi hiyo ni watu waliosoma alichotaka kukisoma yeye.

Ushauri wangu kwake ungekuwa asome kwanza shahada iliyo pana, uhandisi mitambo, uhandisi kemikali au jiolojia, na mambo ya mafuta ayaongeze baadaye akiwa bado anayataka. Shahada pana ina milango mingi ya kutokea. Mwambie na jambo moja zaidi, kwa kuwa ni msichana. Utafiti wa Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu wa 2019 ulikuta wanawake ni asilimia 32 ya wafanyakazi wa nishati jadidifu, huku kwenye mafuta na gesi wakiwa asilimia 22. Kote ni wachache, kwa hiyo popote atakapokwenda ajiandae kuwa miongoni mwa wachache, na ni vyema alijue hilo mapema, tena kutoka kwa mtu anayemwamini. Baada ya hayo, uamuzi ni wake. Akichagua mafuta, mwandikie barua nzuri ya kumtambulisha.

Hapa kuna jambo linalonigusa sana, na sijaliona likisemwa vya kutosha. Darasani mwako yumo mtoto ambaye mzazi wake anachimba makaa ya mawe, au anaendesha lori la mafuta, au anakata magogo. Ada yake imetoka huko. Ukisimama mbele ukasema kuna kazi safi na kazi chafu, umemwambia mtoto huyo kwamba baba yake ni mchafu. Asitoke kwenye kipindi chako akiona haya. Waliozishika kazi hizo waliziwasha taa ambazo wengine tumezisomea.

Mfano wa Uingereza unafaa kuufundisha kwa heshima hiyo. Mwaka 1882, mjini London, kilianza kituo cha kuuza umeme wa makaa ya mawe. Septemba 30, 2024, kituo cha mwisho cha makaa ya mawe nchini humo, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa. Ni miaka 142, vizazi kadhaa vya watu waliojipatia riziki hapo. Swali la darasa liwe: wale waliokuwa kazini siku ile ya mwisho, ujuzi wao gani unahamishika? Fundi wa mitambo ya mvuke, mwendesha chumba cha udhibiti, mhasibu wa ghala, mpishi wa kantini, kila mmoja ana jibu lake. Suala hili lina uzito hadi kwenye mikataba: Mkataba wa Paris wa 2015 unataja katika utangulizi wake haja ya mpito wa haki kwa wafanyakazi, yaani wasiachwe nyuma kazi zinapobadilika. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba hatua za kuzuia ongezeko la joto la dunia lisivuke nyuzi 2 zingeleta ajira mpya milioni 24 kufikia 2030 na kuondoa milioni 6. Walimu wengi hunukuu ile 24 wakaiacha ile 6. Wewe zitaje zote mbili, kwa sababu ajira mpya hazimwendei aliyepoteza ya zamani zenyewe. Haziko lazima mahali pamoja naye, wala hazidai ujuzi uleule.

Na hata hiyo inayoitwa kijani, wafundishe kuikagua. Shirika hilohilo la Kazi Duniani linaitambua ajira kuwa ya kijani pale tu inapohifadhi au kurudisha mazingira na wakati huohuo ni kazi yenye staha. Chukua taka za kielektroniki. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizorejelezwa kwa utaratibu rasmi uliothibitishwa. Kijana anayechoma nyaya apate shaba anarejeleza, ni kweli, lakini anavuta moshi wenye sumu, na udongo anaokanyaga umeingia madini ya risasi. Kazi yake inaweza kubandikwa jina lolote zuri; mwili wake ndio unaolipa. Kwa hiyo mwanafunzi akikuletea tangazo la kazi ya kijani, aulize anachouliza kwenye kazi yoyote: kuna mkataba? Kuna vifaa vya kujikinga? Ujuzi nitakaoupata unathaminiwa kwingine, au nikitoka hapa nimetoka mikono mitupu?

Kuhusu kipindi kimoja kwa wiki: kinatosha, ukikubali kwenda polepole. Wiki ya kwanza weka simu moja mezani. Waambie waifuate tangu madini yake yalipokuwa ardhini hadi siku itakapotupwa, waandike kila kazi ya mtu aliyeigusa njiani: mchimbaji, mkemia, mbunifu, mwanasheria wa mikataba, baharia, muuzaji, fundi, mwokota taka. Waache wabishane. Orodha itakuwa ndefu kuliko ubao, na kila mmoja atamkuta mtu anayetaka kuwa yeye. Wiki ya pili kila mwanafunzi achukue kazi moja kwenye mnyororo huo na ayajibu yale maswali matatu. Wiki zinazofuata watoke, wawili wawili, wakazungumze na mtu anayeifanya kazi wanayoitaka. Wamwulize kazi imebadilikaje tangu aanze, mwisho wa siku anatupa nini, na kama angeanza leo angejifunza nini. Majibu ya swali la mwisho yaandikwe na kuhifadhiwa. Miaka mitatu ukiyahifadhi utakuwa na hazina ya habari za kazi ambayo hakuna kitabu kinachoweza kukupa.

Utakutana pia na hofu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliowauliza vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi kumi, ulikuta asilimia 59 wana wasiwasi mkubwa au mkubwa sana juu ya tabianchi, na robo tatu wakasema mustakabali unawatisha. Mtoto mwenye hofu hiyo anaweza kukuuliza kuna haja gani ya kuchagua kazi. Usimpe hotuba, na usimwambie kwamba kizazi chake ndicho kitakachoiokoa dunia. Ni mzigo mzito mno kuubebesha mabega yake, hasa ukizingatia si yeye aliyeyafanya yote haya. Msikilize mpaka amalize. Kisha mpe kipande kinachomtosha: kazi moja, tatizo moja ndani yake, mtu mmoja anayelishughulikia tayari. Nimewaona vijana wakitulia wanapojua kwamba kuna watu kazini.

Klabu ya mazingira iache iwe klabu. Watoto wanaipenda kwa kuwa ni yao, na ukiigeuza kuwa kipindi cha kazi utaiua. Chukua kwayo kitu kimoja tu, majukumu. Pendekeza kila mwanachama awe na jukumu lenye jina na daftari: mmoja asome mita ya umeme ya shule kila Jumatatu, mwingine mita ya maji, mwingine apime uzito wa taka kabla hazijatolewa, mwingine atunze fedha za miche. Kila wiki waandike tarakimu, tarehe, na kilichobadilika. Baada ya mihula miwili, anayetaka uhasibu ana hesabu aliyoitunza mwenyewe, na anayetaka ufundi umeme anaweza kuonyesha mwezi ambao matumizi yalipanda na taa zilizosababisha. Siku atakapojaza fomu ya chuo au ya uanagenzi na kukuta mahali palipoandikwa "uzoefu", aandike: nilisoma mita ya umeme ya shule kwa wiki 26, hili ndilo nililoligundua. Na wewe, mwalimu, uwe umelipitia daftari hilo na kutia saini kila ukurasa.